Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Uchukuzi wa Umoja wa Ulaya: komesheni kuhamisha saa

Kwenu Waheshimiwa Mawaziri wa Uchukuzi
wa nchi 27 wanachama wa Umoja wa Ulaya,
Brussels.

KUH: KUSOGEZA SAA MBELE NA NYUMA KILA MWAKA, NA MADHARA YAKE KWA AFYA ZETU

Waheshimiwa Mawaziri,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mlezi wa wazee hapa Hamburg, Ujerumani. Kazi yangu ni ya zamu: kuwaamsha wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwapa dawa kwa wakati, na kukesha nao usingizi unapowapaa. Ninyi ndio wenye faili la saa. Sheria ya Ulaya namba 2000/84, inayoamuru kila nchi mwanachama isogeze saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hujadiliwa katika baraza lenu la uchukuzi, si kwa mawaziri wa afya. Ndiyo maana barua hii inakuja kwenu.

Tulianza kwa njia za ndani. Mimi na wenzangu tuliuomba uongozi wa kazini uturuhusu tusogeze ratiba ya dawa na chakula kidogo kidogo, siku kadhaa kabla ya Machi; tukajibiwa kwamba ratiba inafuata saa ya ukutani. Tukamwandikia mbunge. Akatujibu kwa adabu kwamba jambo hili ni la Brussels. Tukaandika Brussels, tukaambiwa pendekezo lipo, linangoja msimamo wa nchi wanachama. Tukarudi kwenye ofisi ya serikali hapa nchini, tukaambiwa hapa nako wanangoja nchi nyingine. Hapo tukatambua kuwa tunapigwa danadana, na nikaamua kuyasema haya hadharani. Nakala ya Kijerumani mtaipata. Hii ya Kiswahili ni kwa ajili ya wenzangu wa Afrika Mashariki waliotapakaa katika hospitali, makao ya wazee, mabohari na mabasi ya Ulaya, ambao kila Machi hubebeshwa mzigo huu bila kuulizwa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Saa ya ukutani inasogezwa, lakini jua halisogei.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna kifundo kidogo cha chembe hai kinachopanga usingizi, joto la mwili, njaa na homoni. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha, wakianzia kwa nzi wadogo wa matunda, jinsi jeni zinavyoiendesha saa ya namna hii ndani ya chembe. Kwa watu wengi mzunguko wake ni mrefu kidogo kuliko saa 24, kwa hiyo kila siku unahitaji kurekebishwa, na kinachourekebisha ni mwanga. Mwanga wa asubuhi huivuta saa ya mwili mbele. Mwanga wa jioni huichelewesha. Sasa tazameni mnachofanya Machi: mnatunyang'anya saa nzima ya mwanga wa asubuhi, mnaipeleka jioni, kisha mnatutaka tuamke mapema zaidi. Mnaamuru kwa pamoja mambo mawili yanayopingana.

Sisi Waislamu tuliliona hili waziwazi katika Ramadhani ya mwaka 2024, kwa sababu saa zilihamishwa tarehe 31 Machi, katikati ya mfungo. Futari na daku hufuata jua; zamu hufuata saa. Jumamosi jua la Hamburg lilizama kabla ya saa moja usiku. Jumapili likazama karibu na saa mbili. Tarawehe zilizokuwa zikitutoa msikitini kama saa nne na nusu zikawa zinatutoa saa tano na nusu, na mwenye zamu ya saa kumi na mbili alfajiri alikuwa bado anatakiwa kazini saa kumi na mbili ileile. Kile kipande cha usingizi tulichokuwa tukikiokota baina ya sala ya alfajiri na kutoka kwenda kazini kikapotea chote, kwa kuwa alfajiri yenyewe ilikuwa imesogea kuikaribia zamu. Jirani asiyefunga hakuliona pengo hilo. Mwilini mwake lilikuwapo vilevile, ila yeye hakuwa na adhana ya kumwonyesha.

Husemwa kwamba anayesafiri kutoka Nairobi hadi Frankfurt hubadilisha saa na maisha yanaendelea. Lakini msafiri huyo akishuka kwenye ndege anakutana na jua la huko alikofika, na baada ya siku chache jua hilo linamweka sawa. Sisi hatujaenda popote. Tumebaki palepale, chini ya jua lilelile, tukilazimishwa kuishi kama watu wa mji mwingine kwa miezi saba.

2. Wazee hawaambiki kwamba saa imebadilika.

Hapa naomba mnivumilie niseme kwa urefu, maana haya ndiyo niliyoyashika kwa mikono yangu.

Yuko bibi mmoja, fundi cherehani wa zamani, mwenye maradhi ya kusahau. Siku za kawaida huamka mwenyewe, huketi ukingoni mwa kitanda na kufunga vifungo vya sweta yake kabla sijabisha hodi. Wiki ya kwanza baada ya Machi namkuta amelala fofofo, inanibidi nimwamshe. Vidole vyake vinatafuta tundu la kifungo havilipati, anakasirika, anausukuma mkono wangu, anakataa chai. Sukari yake inapimwa na sindano ya insulini inadungwa kwa saa ya ukutani, ilhali tumbo lake halijawa tayari kupokea chakula. Asipokula baada ya sindano, sukari inashuka. Huyo ni mtu ambaye juzi tu alikuwa anajimudu, na hakuna ugonjwa mpya ulioingia kati.

Kwa mgonjwa wa Parkinson mambo ni mazito zaidi. Dawa zake hupangwa kwa saa, na kipimo kikichelewa mikono hutetemeka na miguu hugandia sakafuni. Oktoba, saa inaporudishwa nyuma, pengo kati ya kipimo cha usiku na cha asubuhi hurefuka kwa saa nzima, isipokuwa mlezi wa zamu akumbuke na achukue jukumu la kusogeza. Usiku huohuo zamu ya usiku nayo ni ndefu kwa saa moja: inafika saa nane, inakwenda mpaka saa tisa, kisha inarudi saa nane tena. Kwenye kitabu cha dawa kuna saa nane na nusu mbili. Tunaandika A na B pembeni ili anayepokea zamu asidhani mgonjwa amepewa dawa mara mbili. Mlezi aliyechoka, peke yake kwenye ghorofa nzima, ndiye aliyeachiwa kurekebisha kasoro iliyotungwa na sheria.

Halafu linakuja giza. Jumamosi ya mwisho wa Oktoba jua la Hamburg huzama karibu na saa kumi na mbili jioni. Jumapili limeshazama kabla ya saa kumi na moja. Kila mlezi anajua jinsi wazee wenye maradhi ya kusahau wanavyoanza kuhangaika magharibi ikiingia: wanatafuta makoti, wanauliza basi linapita saa ngapi, wanataka kwenda nyumbani kwa mama zao. Jana hali hiyo ilitukuta mezani, chakula kimeshaandaliwa na watu wametulia. Leo imekuja saa nzima mapema, meza ni tupu, na sisi ni walewale wachache. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nawaalika mmoja wenu, yeyote, aje akae nasi jioni ya Jumapili hiyo.

3. Watu wanaumia na wengine wanakufa.

Mwaka 2008 watafiti wa Sweden, Imre Janszky na Rickard Ljung, walichapisha matokeo ya rekodi za miaka mingi za nchi yao: katika wiki ya kwanza baada ya saa kusogezwa mbele, visa vya mshtuko wa moyo viliongezeka kwa takriban 5%. Haki niseme pia kwamba Jumatatu ya baada ya kurudisha saa nyuma, visa hivyo vilipungua kidogo. Hilo halipunguzi hoja yangu, bali linaitia nguvu: usingizi wa saa moja una uzito moyoni, ukiongezwa au ukipunguzwa.

Marekani nako, uchambuzi wa ajali za barabarani uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta ajali zenye vifo zikiongezeka kwa takriban 6% katika siku za kazi zinazofuata mabadiliko ya majira ya kuchipua. Utafiti mwingine wa hukohuko, wa mwaka 2009, ulionyesha kwamba watu hulala pungufu kwa wastani wa dakika 40 usiku ule, na kwamba Jumatatu yake majeraha ya wachimba migodi huongezeka kwa 5.7%. Ninyi ni Mawaziri wa Uchukuzi. Mmeweka sheria kali kuhusu muda wa dereva wa lori kupumzika, na kifaa kinafungwa ndani ya gari kumpima dakika zake za usukani. Dereva huyohuyo mnamkata saa moja ya usiku kwa amri, kisha Jumatatu alfajiri mnamruhusu aingie barabara kuu.

4. Watoto wa shule.

Shule nyingi hapa huanza saa mbili asubuhi au kabla yake. Vijana wa umri wa kubalehe kwa maumbile yao huchelewa kusinzia, si uvivu. Machi ikifika wanasukumwa saa nzima zaidi, na walimu wenyewe wanakiri kwamba wiki hiyo masomo ya mwanzo hayashiki.

5. Huzuni ya Oktoba.

Watafiti wa Denmark walipitia rekodi za hospitali za miaka ya 1995 hadi 2012 na wakakuta kwamba baada ya saa kurudishwa nyuma, wagonjwa wanaogunduliwa kuwa na sonona waliongezeka kwa takriban 11%, na ongezeko hilo lilichukua wiki kadhaa kutoweka. Kwetu Mombasa wakati wa kuchomoza jua hautofautiani hata kwa saa nzima mwaka mzima. Anayetoka huko akaja kufanya kazi hapa, baridi yenyewe huizoea. Giza linaloangushwa kwa siku moja ndilo linalomwelemea, na wengi wetu hulibeba kimya kimya kwa kuogopa kuonekana dhaifu kazini.

6. Faida iliyoahidiwa haionekani.

Ujerumani ilianza kuhamisha saa tarehe 30 Aprili 1916, vitani, ili kuokoa makaa ya mawe ya kuwashia taa. Leo taa hula sehemu ndogo tu ya umeme wa nyumbani. Jimbo la Indiana la Marekani lilipoingia lote katika utaratibu huu mwaka 2006, wachumi waliopima bili za nyumbani walikuta matumizi ya umeme yamepanda kwa takriban 1%, kwa sababu kilichookolewa kwenye taa kilimezwa na viyoyozi na vipasha joto.

Waheshimiwa, najua mtakayojibu, kwa kuwa tumekwisha kujibiwa hayo.

Mtasema jambo linahitaji ridhaa ya wananchi. Ridhaa mlikwisha kuipata. Raia wa Finland zaidi ya 70,000 walitia saini ombi la kukomesha jambo hili. Kiangazi cha 2018 Kamisheni ya Ulaya ilipouliza maoni, majibu milioni 4.6 yalikuja, na 84% yalitaka kuhamisha saa kukome. Ni kweli, sehemu kubwa ya majibu hayo ilitoka Ujerumani, na mwenye kutaka kuyapuuza hushika hapo. Lakini Septemba 2018 Kamisheni ilileta pendekezo rasmi, na tarehe 26 Machi 2019 Bunge la Ulaya, lenye wabunge wa nchi zote, lilipiga kura 410 dhidi ya 192 kwamba mwisho uwe mwaka 2021. Tangu siku hiyo faili liko kwenu. Limepigwa kalenda mpaka leo.

Mtasema palitokea korona, halafu vita. Tunajua, korona ilitukuta ndani ya makao ya wazee, na wapo tuliowazika. Baraza lenu lakini lilipitisha sheria nyingi katika miaka hiyohiyo. Mtasema utafiti zaidi unahitajika. Utafiti wa kulala na kuamka mnao wa miaka mingi, na kila mwaka mnaosubiri nao ni jaribio, sisi tukiwa ndio wa kujaribiwa.

Kisingizio chenye uzito ni kimoja tu: kwamba nchi zikiachiwa kuchagua, kila moja itashika saa yake, na ratiba za treni na ndege zitavurugika. Hili nalichukua kwa dhati. Ila Ulaya tayari ina kanda tatu za saa: Ireland na Ureno kanda moja, nchi 17 za kati kanda nyingine, na nchi 8 za mashariki, kuanzia Finland hadi Cyprus, kanda ya tatu. Treni zinakwenda. Kinachotakiwa ni nchi jirani kukaa na kukubaliana kabla ya tarehe, na kazi hiyo ndiyo uliyoundiwa mkutano wenu. Wala hamhitaji nchi zote 27 kusema ndiyo: kwa kanuni zenu, zinatosha 55% ya nchi zenye 65% ya watu. Oktoba 2025 Waziri Mkuu wa Hispania, Pedro Sánchez, alitaka hadharani jambo hili limalizwe. Hajapata jibu la maana kutoka kwenu, achilia mbali mlezi wa Hamburg.

Wapo pia watakaosema: basi tubaki na saa za kiangazi, yaani zile zinazosogezwa mbele Machi, mwaka mzima, watu wanapenda jioni ndefu. Naipenda mimi pia. Lakini hesabuni Desemba. Jua la Berlin huchomoza kama saa mbili na robo asubuhi. Kwa saa za kiangazi lingechomoza saa tatu na robo, watoto wakiwa wameshamaliza somo la kwanza gizani. Huko Vigo, magharibi ya Hispania, lingefika karibu saa nne. Urusi ilijaribu hivyo mwaka 2011, watu wakachoka na asubuhi za giza, na Oktoba 2014 ikahamia saa za kawaida, yaani zile za majira ya baridi, moja kwa moja. Marekani ilijaribu Januari 1974. Kabla mwaka haujaisha ikaacha, wazazi wakiwa wamelalamikia watoto kwenda shule usiku. Madaktari wa usingizi wa Marekani, kupitia chama chao cha kitaaluma, walitamka mwaka 2020 kwamba saa za kawaida za mwaka mzima ndizo zinazokaa vizuri na mwili. Ni kweli kwamba Warszawa, mwezi Juni, jua lingechomoza kabla ya saa tisa na nusu usiku. Pazia zito linatosha kulizuia hilo. Giza la asubuhi ya Desemba halina pazia la kuliondoa.

Kwa hiyo tunawaomba, na tunadai, yafuatayo:

Kwanza, nchi inayoshika uenyekiti wa Baraza iliweke faili hili kwenye ajenda ya mkutano wenu ujao wa uchukuzi, kwa ajili ya kura na si kwa ajili ya "kubadilishana mawazo". Kila nchi ipige kura yake hadharani, ili tujue nani anakataa na kwa sababu gani.

Pili, iwekwe tarehe moja kwa wote ya kuhamisha saa kwa mara ya mwisho, na iwe Oktoba, ili Ulaya ibaki na saa za kawaida mwaka mzima.

Tatu, mpaka tarehe hiyo ifike, waandikieni wenzenu wa afya na kazi watoe mwongozo kwa makao ya wazee na hospitali: ratiba za dawa na chakula zisogezwe kwa dakika kumi au kumi na tano kila siku kabla ya mabadiliko, na aongezwe mlezi mmoja zamu ya usiku wa Oktoba na jioni za wiki inayofuata. Hili halihitaji sheria mpya, na lingeweza kuanza Machi ijayo.

Nne, kwa kuwa barabara ni zenu moja kwa moja: madereva wa malori na mabasi wapewe mapumziko marefu zaidi kabla ya safari ya kwanza baada ya saa kusogezwa mbele.

Naomba nijibiwe kwa maandishi, na jibu litaje tarehe. Likija lenye kusema tu kwamba suala linaendelea kufanyiwa kazi, nitalichapisha kama lilivyo pamoja na barua hii, na wenzangu wako tayari kuja Brussels siku ya mkutano wenu, zamu zikiruhusu.

Wenu mwaminifu,

Mlezi wa wazee, mzaliwa wa Mombasa,
Hamburg, Ujerumani.